Barua mbili mkononi: kijana wa Punia achague doktora gani?



Leo hatukuwaita juu ya barabara, wala juu ya bei ya sokoni. Tumewaita juu ya jambo ambalo wengi watasema si la hapa: masomo ya doktora. Muko na haki ya kucheka. Kijana wa hapa anahangaika kupata franga za kumaliza sekondari, na sisi tunaleta habari ya mtu anayechagua kati ya iniversite mbili! Lakini jambo hilo limetufikia nyumbani. Dada yetu mmoja, tuliyetembea naye katika kazi nyingi za kundi letu, alisoma jeolojia, akamaliza vizuri, akaandika huku na huku. Siku moja alikuja na barua mbili, akaziweka mezani, akatuuliza: «Kama ni ninyi, mungechagua gani?»

Tulimujibu vibaya. Ile njo sababu ya maneno ya leo.

Barua ya kwanza ilitoka Ubelgiji. Miaka minne kule, malipo ya kila mwezi, lakini mada ni ya promota: miamba ya inchi ingine kabisa. Barua ya pili ilikuwa ya doktora ya zamu: miezi fulani Ulaya, miezi fulani Congo. Malipo yake yalikuwa madogo, lakini mada ilikuwa yetu: maji ya mito ya huku, kule watu wanachimba kasiteriti.

Hatukusoma hata ukurasa wa pili. Tulipiga kelele wote: «Ya pili! Ukienda miaka minne hautarudi tena.» Mmoja wetu alitoa hata neno «kusaliti». Dada alinyamaza, akakunja barua zake, akaenda.

Wandugu, tulichagua kwa woga wetu, na maisha ni yake. Tena tulisahau historia ya inchi yetu.

Profesa Jean-Jacques Muyembe alisoma udaktari Lovanium, kule Kinshasa, halafu akaenda Leuven, Ubelgiji, akapata doktora ya virusi mwaka 1973. Alirudi. Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipoua watu Yambuku, yeye njo alifika kule na kuchukua damu ya wagonjwa. Ugonjwa ule leo unaitwa Ebola. Miaka mingi baadaye, dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 ilikubaliwa Marekani, Desemba 2020, na Muyembe ni mmoja wa waliofungua njia yake. Kama vijana wenzake wangemushika shati mbele ya ndege, nani angefika Yambuku?

Daktari Denis Mukwege alipita njia ingine. Alienda Angers, Ufaransa, kujifunza kuzalisha na kutibu wanawake, akarudi Lemera mwaka 1989, halafu akaanzisha hospitali ya Panzi. Doktora yake aliipata Bruxelles mwaka 2015, akiwa na miaka 60, juu ya majeraha aliyokuwa anatibu Bukavu. Swali lilitoka huku, diplome ikatoka kule.

Kwa hiyo kwenda si kusaliti, na kubaki peke yake si kupenda inchi. Na kuko jambo lingine, hasa kwa watu wa jeolojia: karatasi na ramani nyingi za udongo wa Congo, tangu wakati wa wakoloni, ziko Tervuren, karibu na Bruxelles, katika jumba la makumbusho. Kasiteriti ilitoka Maniema, na karatasi zilienda vilevile. Mtu anayetaka kujua udongo wetu iko siku atapiga hodi kule.

Tulimuita dada, tukamuomba pole. Tukakaa naye usiku mzima, mara hii na kalamu. Maswali tuliyoandika tunawapa, maana kesho barua itafika kwa mwingine wenu, awe anaenda Ulaya, Nairobi, Kampala ao Kinshasa.

La kwanza: franga. Barua ya kukubaliwa si barua ya kulipwa. Wengi wanafurahi, wanauza shamba la baba, halafu wanajua kumbe iniversite iliwapa kiti tu. Uliza: ni kiasi gani kinabaki mkononi nikiisha kulipa nyumba na bima? Nani analipa tiketi na viza? Na zaidi: ni miaka mingapi iliyoandikwa? Si iliyosemwa kwa simu. Iliyoandikwa.

La pili: promota. Doktora ni ndoa ya miaka mine ao mitano. Omba majina ya wanafunzi wake wa zamani, waandikie wewe mwenyewe. Wangapi walianza? Wangapi walimaliza? Kwa miaka mingapi? Promota mwenye jina kubwa asiyejibu barua atakuzeesha.

La tatu: kazi ni ya nani? Ukichota maji ya mto Lowa ao Ulindi ukapeleka maabara ya mbali, matokeo yatabaki wapi? Jina lako litaandikwa? Watu wa kijijini watarudishiwa jibu kwa luga wanayosikia?

La ine: kurudi. Diplome ya inje inaomba kulinganishwa na ya Congo, kule wizara ya masomo ya juu, Kinshasa. Jua mapema karatasi gani zinaombwa, na uzichunge tangu siku ya kwanza.

La tano: wakati. Usikubali mtu akukimbize. Iniversite nyingi za Marekani zilipatana kwamba mtu aliyepewa nafasi pamoja na malipo hawezi kulazimishwa kujibu mbele ya tarehe 15 mwezi wa ine. Kwingine hakuna sheria kama hiyo, lakini kuomba siku chache zaidi kwa heshima si kosa. Na ukiisha kuchagua, andikia ile ingine siku ileile. Kuko kijana mwingine anangojea kiti chako.

Dada alituma maswali yake kwa pande zote mbili. Hapa Punia hata kutuma barua ni kutafuta reso, munajua. Majibu yalipofika tulishikwa haya. Ile barua ya pili, tuliyoipigia kelele, ilikuwa na malipo ya miaka miwili tu. Ya tatu na ya ine «yatatafutwa». Na promota wa ile ya kwanza, tuliyemuita mwizi wa wasomi, alikubali kwa maandishi sura moja ya kazi iwe juu ya mito ya Punia.

Alichagua ya kwanza. Sisi tuliomusukuma kwa ya pili tungemuacha katikati ya mto bila pirogi.

Lakini wandugu, tusiishie kumupigia makofi. Kwa nini doktora juu ya maji yetu ilikosa malipo ya miaka miwili, na mawe yetu yanapata ndege kila mara? Kwa nini asistanti wa iniversite zetu anafundisha miaka na miaka, doktora yake inangojea kwenye sanduku juu hana franga za utafiti? Tunaomba Leta iweke malipo ya watafiti ndani ya bajeti, na iyalipe kweli. Tunaomba matangazo ya burse yafike Kindu na Punia mbele ya siku ya mwisho, si kiisha. Na wabunge wetu wa Maniema, tutawauliza ile swali hapa hapa, mbele ya watu.

Dada yetu, enda. Hatukuombi kiapo cha kurudi. Tunakuomba kitu kimoja: ile sura moja, siku itakayoandikwa, uitume huku kwa Kiswahili. Mama anayechota maji ile mtoni iko na haki ya kuisoma wa kwanza.

 Tuko pamoja.