Sanduku la Chama na Umri Wetu

Ndugu zangu, sisi vijana tukianzisha chama tunachanga sawa kwa sawa, mgonjwa anasaidiwa, mfuko unajaa, tunajiona mabingwa. Hebu tutazame Uingereza kidogo.

Huko wafanyakazi walikuwa na vyama vya kusaidiana, hata vikatungiwa sheria mwaka 1793. Unatoa peni zako, ukiugua unalipwa kila wiki. (Vingi vilikutana kwenye vilabu vya pombe, na pesa nyingine ikaishia humo humo. Hayo tuyaache.)

Shida ilikuwa hesabu. Kijana wa miaka 20 huugua siku chache tu kwa mwaka. Mzee wa 65 aweza kulala majuma mengi. Lakini mara nyingi mchango ulikuwa ule ule. Wakiwa vijana sanduku linajaa, wanadhani ni faida, wanagawana. Kumbe ile ni akiba ya uzee wao! Miaka 30 baadaye wanaugua pamoja, vijana wapya wanakwepa, na mzee aliyechanga maisha yake yote anaambiwa hakuna kitu.

Mwaka 1850 Henry Ratcliffe, katibu wa chama cha Manchester Unity, alichapisha majedwali kutokana na rekodi za wanachama wenyewe, yakionyesha ugonjwa unavyozidi na umri. Mwaka 1875 sheria ikadai vyama vilivyosajiliwa vipimwe kila miaka 5: mali iliyopo, na malipo yatakayodaiwa baadaye.

Sasa wewe mweka hazina, kabla hamjagawana pesa za Idi, daftari lako lina umri wa kila mwanachama?