Anza Mtandao kwa Daftari na Kalamu

Leo nazungumza nawe kijana wa Nyarusange, wa Gitega mjini au wa Muyinga, unayetaka kuwa fundi au mhandisi wa mitandao ya kompyuta, lakini nyumbani huna kompyuta. Huenda umeshajiambia, "Somo hili si langu." Usilifunge daftari. Sehemu ya somo hili inayowatatiza wengi kwenye mtihani haihitaji hata umeme.

Fikiria kilima unachoishi. Mgeni anayekutafuta huuliza kwanza kilima, kisha nyumba. Anwani ya kompyuta nayo ina sehemu mbili: ya kwanza hutaja mtandao, ya pili hutaja mashine iliyo ndani yake. Mashine za mtandao mmoja huzungumza moja kwa moja, kama majirani. Zikiwa katika mitandao tofauti, ujumbe hupitia kifaa kiitwacho ruta, kinachojua njia ya kutoka kilima hiki hadi kile.

Sasa chukua kalamu. Andika: 192.168.10.0. Kila namba kati ya nukta ina biti 8, na kila biti ni 0 au 1. Andika 2 mara nane, uzizidishe zote: utapata 256. Kwa kuwa tunaanza kuhesabu na 0, namba kubwa kabisa ni 255.

Tuseme kituo cha afya kinataka kugawa anwani hizo 256 sawasawa katika mitandao 4. Kila mmoja utapata 64. Wa kwanza ni 0 hadi 63; wa pili 64 hadi 127; wa tatu 128 hadi 191; wa nne 192 hadi 255. Katika kila mtandao, anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho ni ya kuziita mashine zote pamoja. Zinabaki 62 za kupewa mashine.

Jaribu swali hili. Anwani ya kompyuta ya mapokezi inaishia na 70. Ya printa ya maabara inaishia na 130. Je, ziko mtandao mmoja? Tazama ulichoandika. Hapana. Bila ruta hazitasikilizana. Fundi asiyejua hesabu hii atabadilisha kebo, kisha atashauri printa mpya inunuliwe, na fedha za kituo zitapotea bure.

Ukishazoea, tafuta kompyuta kwa saa chache kila juma, shuleni au kwa rafiki. Programu ya Packet Tracer, ambayo Cisco huitoa bure, hukuwezesha kuunganisha ruta na swichi za kuigiza kwenye skrini. Lakini mtihani wa cheti cha CCNA unalipiwa, tena kwa dola. Usilipe kabla hujaweza maswali ya mazoezi. Na anayekuahidi cheti bila mtihani, mkatae.

Masomo mengi yameandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Usione haya kulielewa jambo kwanza kwa Kiswahili au Kirundi, kisha ujifunze maneno yake.

Jioni hii, gawa anwani 256 katika mitandao 8. Andika mwanzo na mwisho wa kila mmoja. Ukibaki na anwani 30 za mashine katika kila mtandao, umeelewa. Kisha mfundishe jirani yako.