Taasisi za Dini na Utetezi wa Huduma za Afya Nafuu Tanzania

1. Msingi wa utetezi

Taasisi za dini zimejenga na kuendesha zahanati, vituo vya afya na hospitali nchini Tanzania tangu enzi za wamisionari, nyingi zikiwa vijijini. Bugando ya Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), na KCMC ya Moshi, iliyo chini ya Shirika la Msamaria Mwema, zilifunguliwa mwaka 1971 na leo ni hospitali za rufaa za kanda. Anayewatibu maskini kila siku anajua kinachowazuia kufika hospitalini, na hapo ndipo sauti yake inapopata uzito mbele ya serikali. Hata hivyo taasisi hizo hizo hutoza ada, hivyo utetezi wao unaanzia kwenye dirisha lao la malipo.

2. Ada, misamaha na mikataba

Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya ushirikiano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC) ikaundwa. Mwaka uliofuata uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali, ukiambatana na misamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wasiojiweza. Pale ambapo hospitali pekee ya wilaya ni ya kanisa, msamaha huo hauna maana bila mkataba. Chini ya utaratibu wa hospitali teule na mikataba ya huduma, serikali huchangia mishahara na ruzuku, nayo hospitali huhudumia umma kwa masharti yaliyokubaliwa.

Ugumu hujitokeza katika utekelezaji. Mgonjwa asiye na uwezo hufika na barua ya mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii akamhoji na kuidhinisha msamaha. Gharama yake hubaki kwenye vitabu vya hospitali. Ruzuku ikichelewa, dawa hupungua, na pengo huzibwa kwa kupandisha ada za wagonjwa wengine.

3. Bima ya afya

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001. Katika mfumo ulioboreshwa, kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mkulima hushika fedha wakati wa mavuno, ilhali ugonjwa hauna msimu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotambua pia haja ya kuwagharamia wasio na uwezo.

4. Maeneo ya kushughulikia

Kwanza, bajeti: viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja, mwaka 2001, kuelekeza angalau asilimia 15 ya bajeti katika afya. TEC, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) zikidai ahadi hiyo kwa pamoja, dai huwa la wananchi wote.

Pili, ushahidi: kila hospitali itunze hesabu za misamaha na madeni, na kuziwasilisha halmashauri wakati wa kupanga bajeti.

Tatu, michango: zaka ya Waislamu, ambayo mafukara na maskini ni miongoni mwa wanaostahili kuipokea, pamoja na sadaka za jumuiya ndogondogo, vinaweza kulipia kadi za bima za kaya maskini, bila kuiondolea serikali wajibu wake.

Nne, mwenendo wa ndani: ada zibandikwe hadharani, na maiti isizuiliwe kwa sababu ya deni.