Makimbilio ya Mwisho: Samaki wa Asili wa Ziwa Victoria na Vinamasi vya Bukoba na Muleba



Nimeombwa nieleze kwa nini spishi zisizopatikana pengine popote duniani ndizo zinazotangulia kutoweka. Nitajibu kwa samaki wa ziwa letu, na hoja yangu niitaje mapema: wengi wa samaki wetu wa asili hawatanusurika katikati ya ziwa. Watanusurika pembezoni, kwenye mafunjo, kwenye midomo ya mito na katika maziwa madogo kama Ikimba na Burigi. Na pembezoni huko ndiko sisi tunakolima.

Tuanze na furu. Wataalamu wamekadiria kuwa Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, karibu zote za humu humu, ingawa ziwa lenyewe lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita na kujaa upya. Hakuna kundi kubwa la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kugawanyika upesi namna hiyo. Wapo wala konokono, wala mwani, wala mayai ya wenzao. Wapo wanaokaa kwenye mwamba mmoja tu, wala hawavuki mchanga kwenda mwamba wa pili. Spishi ya namna hiyo haina akiba. Mwamba wake ukiharibika, imekwisha, hata kama ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800.

Uzazi wao nao ni wa polepole. Jike la furu hulea mayai machache mdomoni mwake, ilhali sangara jike mkubwa hutaga mamilioni. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 upande wa Uganda na Kenya, akaenea, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, furu walikuwa takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini. Baada ya sangara kushamiri, spishi zipatazo 200 hazikuonekana tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, walishuhudia furu wakipungua katika nyavu zao za utafiti mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo, nisingependa tumtwishe sangara mzigo wote. Ngege, perege wa asili wa ziwa hili, alianza kupungua kabla yake. Nyavu za makila ziliingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, na Michael Graham, aliyepima uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ushauri huo haukudumu. Kisha akaletwa sato, anayeshindana na ngege kwa chakula na mazalia, na pia huzaliana naye, hivyo hata ngege aliyebaki hupoteza asili yake. Ningu naye alimalizwa na tabia yake mwenyewe ya kupanda mito wakati wa mvua ili kutaga: mtu akitega wavu mdomoni mwa mto, huvua kizazi kizima kikiwa bado tumboni.

Sababu nyingine ni matope, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa milimani. Mwaka 1985 spishi moja ya furu ilipewa jina la Mwalimu Nyerere. Madume yake ni mekundu, na ndugu zake wa karibu ni wa buluu. Jike humtambua wa kwake kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, mwanga hupungua, rangi hazionekani sawasawa, na spishi huanza kuchanganyika hadi mbili zikawa moja. Hakuna aliyewavua wala kuwala, lakini wametoweka. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya miteremko, pamoja na maji machafu ya mji wa Bukoba yanayoshuka kwa Mto Kanoni, ni sehemu ya uharibifu huo.

Sasa nirudi kwenye mafunjo. Sangara huhitaji maji yenye oksijeni nyingi, na ndani ya kinamasi oksijeni ni haba. Furu wengi huvumilia hali hiyo. Katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, ambako sangara alipandikizwa, samaki wa asili walijihifadhi kwenye vinamasi vya kandokando. Huko Kenya, Ziwa Kanyaboli, lililotengwa na ziwa kuu na Kinamasi cha Yala, bado lina ngege. Kwa hiyo anayefyeka mafunjo ili apande mpunga au viazi anabomoa ukuta wa mwisho, na wala hajui. Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Lakini halmashauri inajua, au inapaswa kujua.

Mwaka 2018 tulikuwa na Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu. Makokoro yalichomwa, na ilistahili. Lakini tazameni tunachokilinda: sangara kwa ajili ya minofu na mabondo. Furu wakivuliwa huandikwa wote kwenye safu moja, kwa kilo, hivyo spishi inaweza kufa na takwimu zikabaki zilezile. Ni kweli baadhi ya furu waliongezeka tena sangara alipovuliwa sana tangu miaka ya 1990, na hilo linanipa moyo. Waliorudi, hata hivyo, ni wachache kwa aina.

Ninaomba mambo matatu kwa halmashauri zetu. Nyavu zote zipigwe marufuku kwenye midomo ya mito wakati wa masika na vuli. BMU (vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi) za Kemondo hadi visiwa vya Goziba na Bumbire zifundishwe kutenganisha japo makundi makuu ya furu kwenye daftari la mwalo. La tatu ndilo la haraka kuliko yote, kwa kuwa ufugaji wa samaki unaenea kila kata: pasiwepo mtu, mradi wala kiongozi atakayeruhusiwa kumwaga vifaranga vya sato ndani ya Ikimba au Burigi, au kuchimba bwawa mahali ambapo mafuriko yatawabeba hadi humo. Makosa mengine ya ziwa yanaweza kurekebishwa kwa miaka. Vifaranga wakishaingia, hakuna wavu utakaowatoa.