TREKTA LINAPOCHEMSHA
Mambo ya kutazama kabla ya msimu wa kulima

  

Leo tuzungumze habari ya trekta. Sisemi trekta jipya lililotoka dukani juzi. Nasema lile kuukuu ambalo wengi wetu ndilo tunalolijua: limepita mikono mitatu minne, rangi imefifia, mita ya kuhesabu saa za kazi ilikwishakufa zamani, lakini bado linalima. Trekta la namna hiyo lina ugonjwa mmoja unaoliua upesi kuliko mengine. Linachemsha.

Kwanza nitawaeleza kisa kilichonifundisha, maana kosa lenyewe nililifanya mimi.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, katika kijiji kimoja cha bonde la Mpimbwe. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimenunua trekta lililokwisha kutumika, na wanachama wameandikishana zamu katika daftari. Mvua za kwanza zimenyesha, udongo umelainika, kila mtu anataka alimiwe leo. Siku ya nne, saa nane mchana, dereva akapunguza mwendo, akaniita.

“Bwana shamba, mshale umepanda. Umeingia kwenye wekundu.”

Nikamwuliza, “Imebaki sehemu kubwa?”

“Kama nusu ekari.”

“Basi malizia hiyo nusu, halafu tulipumzishe.”

Hakumaliza. Mistari mitatu tu, mvuke mweupe ukatoka mbele, injini ikaishiwa nguvu, ikazimika yenyewe. Fundi alipofungua, alikuta gasketi ya hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Hedi ikapelekwa mjini kuchongwa, vipuri vikangojwa, na trekta likakaa chini ya mwembe wiki tatu. Chanzo chake je? Rejeta ilikuwa imezibwa kwa mbele na vumbi na mbegu za nyasi. Kuisafisha ni kazi ya dakika ishirini, ndoo mbili za maji na brashi.

Wa mwisho katika daftari lile alikuwa mama mmoja mwenye ekari tatu. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta analima kwa jembe la mkono pamoja na wanawe. Akaniambia, “Bwana shamba, trekta linaweza kumngoja fundi. Mvua hainingoji mimi.” Mwaka ule alipanda ekari moja. Mbili zilibaki nyasi. Na sisi wa Katavi tunajua, mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Ukiukosa mwanzo wake, mwaka umekwenda.

JOTO LINATOKA WAPI?

Watu wengi husema trekta limechemsha kwa sababu ya jua. Ni kweli kwamba jua la Oktoba na Novemba kwetu ni kali. Lakini injini nzima imetengenezwa kufanya kazi juani. Joto lenyewe linatoka ndani. Katika kila lita tatu za dizeli unazochoma, nguvu inayovuta jembe haifiki hata ya lita moja. Nyingine zote hugeuka joto. Sehemu yake hutoka na moshi, sehemu hubebwa na maji ya rejeta, na sehemu hubebwa na oili.

Kwa hiyo injini ikichemsha, usilaumu jua. Jiulize mambo manne: maji, hewa, oili na mzigo. Moja kati ya hayo limeharibika. Tuyatazame moja moja.

JAMBO LA KWANZA: MAJI

Maji ya rejeta yawe masafi. Ukichota maji ya tope mtoni ukamimina, tope lile hutulia katika vijitundu vya rejeta na kuviziba. Maji ya chumvi chumvi ya visima vingine nayo huacha ukoko mweupe, kama ule mnaouona ndani ya birika la chai. Ukoko ule huzuia joto kutoka kwenye chuma kuingia katika maji. Yafaayo ni maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, na bora zaidi yachanganywe na dawa ya rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Dawa hiyo huzuia kutu.

Halafu mfuniko wa rejeta. Huu wengi hawaujali. Mji wa Mpanda uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji ya sufuria iliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Mfuniko mzima una springi na mpira, na kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Sasa wewe mpira wake umekatika, ukafunga kwa kitambaa na waya. Umeligeuza rejeta kuwa sufuria. Nunua mfuniko unaolingana na wa kwanza, maana haifai kufunga wowote unaoingia.

Tazama pia mipira ya maji. Ibonyeze injini ikiwa baridi. Ulioanza kupasuka au kulegea kama nyama ya samaki, ubadilishe kabla ya msimu. Tazama chini ya pampu ya maji kama kuna matone.

Na thamostati je? Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema inaleta joto. Si kweli. Thamostati ni mlango. Hufunga maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kisha hufungua. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi muda mrefu asubuhi, hula dizeli zaidi na kuchakaa upesi. Tena katika injini nyingine, ukiitoa, maji huacha njia ya kwenda kwenye rejeta na kuzunguka kwa njia ya mkato, nayo injini ikazidi kupata moto. Ukiitilia shaka, itoe, ifunge uzi, ining’inize ndani ya sufuria ya maji jikoni, washa moto. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima. Isipofunguka, nunua nyingine.

JAMBO LA PILI: HEWA

Rejeta bila upepo ni kazi bure. Safisha matundu yake kila siku wakati wa kulima, na mara nyingi zaidi siku za kupukuchua mahindi, kwani pumba huruka na kunasa. Mwagia maji au puliza upepo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke kwa njia ile ile ulioingilia. Usisukume kwa nguvu. Mabawa yale ni membamba na hulala. Na injini iwe imepoa.

Mkanda wa feni uubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ushuke kadiri ya upana wa kidole, usizidi sana. Ukilegea, feni na pampu ya maji huzunguka kivivu. Ukikaza mno, unaua beringi. Weka mkanda mmoja wa akiba ndani ya sanduku la spana.

Hewa inayoingia ndani ya injini nayo itazamwe. Matrekta mengi ya zamani yana chujio lenye bakuli la oili. Wakati wa vumbi, lifungue kila siku. Ukikuta oili imekuwa nzito kama uji, mwaga, osha, weka mpya mpaka kwenye alama.

JAMBO LA TATU: OILI

Kila asubuhi, trekta likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, chomoa tena usome. Ikipungua, ongeza aina ile ile. Ukiona oili imebadilika ikawa kama chai ya maziwa, usiwashe injini. Maji yameingia ndani. Mwite fundi.

Sasa tuje kwenye giaboksi na difu. Huko hakuna rejeta inayoonekana wala mshale wa kukuonya, ndiyo maana huumia kimya kimya. Oili ndiyo inayolainisha meno ya gia na kuondoa joto lake. Katika matrekta mengi, oili hiyo hiyo ndiyo inayoinua jembe kwa haidroliki. Ikipungua, jembe huanza kupanda kwa shida, na gia huanza kuimba. Wewe unadhani ni uzee. Kumbe ni njaa ya oili.

Kuna njia rahisi ya kupima. Baada ya kazi, dondosha tone la maji juu ya nyumba ya giaboksi. Tone likitulia, vema. Likichacharika na kukauka papo hapo, mle ndani kuna moto usio wa kawaida. Pumzisha, pima oili, tafuta panapovuja.

JAMBO LA NNE: MZIGO NA MGUU WA DEREVA

Hapa ndugu dereva nakusemesha wewe. Wako madereva wanaopumzisha mguu juu ya klachi kutwa nzima. Klachi hiyo huteleza kidogo kidogo, hupata moto, huungua. Weka mguu sakafuni. Wako wanaosahau kulegeza breki ya mkono. Wako wanaolima kwa gia kubwa ili wamalize upesi, injini inakoroma na kutoa moshi mweusi. Moshi mweusi ni dizeli yako isiyoungua vizuri. Teremsha gia, au punguza kina cha jembe.

Kwenye majaruba ya mpunga, magurudumu yakianza kuzunguka mahali pamoja, acha. Kila mzunguko mtupu unapasha giaboksi moto na kulizamisha trekta. Inua jembe, toka kinyumenyume, ngoja pakauke kidogo.

Na mkibeba mazao kwa tela mkateremka milima kama ile ya Lyamba lya Mfipa, msiweke gia huru ili kuokoa dizeli. Ingieni gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, injini iwashikilie. Gia huru mteremkoni huunguza breki, na breki zikiungua, mazungumzo haya hayatakuwa na faida tena kwenu.

WENYE PAWATILA

Pawatila nyingi, pamoja na mashine nyingi za kukoboa, zina injini ya silinda moja yenye beseni la maji juu yake, bila rejeta. Hapo maji kuchemka si ugonjwa. Ndivyo ilivyotengenezwa, joto huondoka na mvuke. Ugonjwa ni maji kukauka. Kwenye nyingi kuna kijiti chenye kichwa chekundu kinachoelea. Kichwa kikizama, ongeza maji kidogo kidogo. Hivyo nenda shambani na dumu la maji masafi, siyo la dizeli peke yake. Zile zenye rejeta zifuate kanuni za trekta.

LIKICHEMSHA SHAMBANI, FANYA HIVI

Moja. Mshale ukielekea kwenye wekundu, simama hapo hapo. Usimalize mstari. Inua jembe, toa gia.

Mbili. Kama mkanda wa feni haujakatika, maji hayajamwagika na taa ya oili haijawaka, iache injini iunguruме taratibu dakika chache, kisha izime. Kama kimojawapo kimetokea, zima mara moja.

Tatu. Usifungue mfuniko wa rejeta. Narudia: usifungue. Maji yale yamebanwa, nayo ukiyafungulia yataruka usoni. Watu wameungua hivyo uso na mikono. Kaa kivulini nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuishika rejeta kwa kiganja bila kuungua. Ndipo ufunike mfuniko kwa kitambaa kinene, ugeuze uso pembeni, ulegeze hatua ya kwanza, upepo utoke, kisha umalizie.

Nne. Usimimine maji baridi katika injini yenye moto, wala juu yake. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka. Ngoja ipoe, washa iungurume taratibu, uongeze kidogo kidogo.

Tano. Tafuta chanzo kabla ya kurudi kulima. Kuongeza maji na kuendelea siyo matengenezo.

KILA ASUBUHI, DAKIKA KUMI NA TANO

Kabla ya kuwasha: maji ya rejeta, oili ya injini, mkanda wa feni, matundu ya rejeta, chujio la hewa, na matone chini ya trekta. Mara moja kwa wiki: oili ya giaboksi na ya difu, mipira ya maji, na kukaza nati. Andika katika daftari tarehe ya kila oili uliyobadilisha, kwa sababu kichwa husahau.

Ndugu wakulima, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuona ufa ule kwa macho yangu, kwenye mshale mwekundu, nikasema tumalizie nusu ekari. Nusu ekari ile ikagharimu ekari mbili za mama wa watu, na za wengine waliokuwa nyuma yake katika daftari.

Kikundi kile hakikunifukuza. Mwaka uliofuata walimweka yule mama kuwa wa kwanza kulimiwa. Lakini juu ya jina lake, na juu ya kila zamu ya kila asubuhi, wakaandika neno moja: TREKTA. Maana yake, dakika kumi na tano za kwanza ni zake lenyewe, kabla ya mkulima yeyote. Nanyi andikeni hivyo katika daftari lenu.