Fedha ya Ufukoni Ilipwe Jioni

(Maneno yaliyosemwa na watayarishaji wa filamu za matangazo mbele ya mkutano wa wanachama na wavuvi, Asembo Bay)



Twajua wengine wenu mmeshangaa kusikia kwamba watayarishaji watasimama katika mkutano wa chama, kwa maana katika kazi ya matangazo mtayarishaji huonekana kuwa ndiye bwana mkubwa. Yeye ndiye mwenye karatasi, ndiye anayepiga kelele saa kumi na moja alfajiri kwamba gari limechelewa, na ndiye mnayemfuata mkitaka kudai. Basi tueleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, kisha mtupime.

Mwenye bidhaa ana sabuni au mafuta yake ya kuuza. Humwendea wakala wa matangazo huko Nairobi, na wakala hubuni hadithi. Hadithi hiyo hupelekwa kwa kampuni mbili tatu za filamu ili kila moja itoe bei yake. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Mtayarishaji huichukua hadithi ya sekunde 30 akaigeuza kuwa hesabu: vibali, bima, magari, chakula, kamera, taa, malazi, mishahara ya kila mtu. Bei ikiwa kubwa, kazi huenda kwa mwingine. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza twasukumwa tupunguze. Na wapi panapopunguzika? Mpiga picha wa Nairobi ana bei yake ijulikanayo. Hoteli ina bei yake. Anayebaki ni yule asiyekuwapo chumbani tunapohesabu, yaani ninyi.

Wala msidhani sisi tumekaa pazuri. Wengi wetu twaajiriwa kwa kazi moja tu. Filamu ikiisha kukatwa na kuunganishwa, nasi tumekwisha. Likizo hatuna, na mwaka ukiwa mbaya twakaa miezi bila simu kulia. Lakini shida zetu hazitupi ruhusa ya kuwatwisha ninyi, nasi tumefanya hivyo. Heri tuseme wenyewe kabla hamjatuambia.

Tulikuja katika ghuba hii kupiga picha za tangazo. Bidhaa na kampuni hatutazitaja. Hadithi ilitaka taa za wavuvi wa omena usiku, zikielea juu ya maji kama mji ulio mbali. Ni picha nzuri, hapana mtu atakayeikana. Tulikodi mashua nne, tukapatana na wenye mashua, tukaandika bei, tukajiona tumefanya mambo kwa haki.

Jambo tusilolijua ni la mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwaka taa hazivuti samaki. Nasi, kwa ajili ya picha, tulichagua usiku wa giza hasa. Kwa hiyo hatukukodi mashua zilizokaa bure. Tuliziondoa kazini katika usiku wake bora. Tena katika mashua kuna mwenye chombo, na kuna vijana wanaopiga makasia na kuvuta wavu ambao hula kwa fungu la samaki. Bei yetu ilikuwa ya chombo. Vijana tuliwahesabu kama sehemu ya mbao. Na asubuhi ile akina mama waliokuja na beseni zao kununua omena wa kuanika walirudi na beseni tupu. Katika hesabu yetu hawakuwamo hata kwa mstari mmoja.

Usiku wa pili mambo yakaharibika kwa namna nyingine. Mtu wa wakala alitazama picha akasema wateja wake wangependa jua. Basi tukawaomba wavuvi warudi mchana, na mchana huo upepo wa ziwa ukapanda kama kawaida yake baada ya saa saba. Mawimbi yakatugeuza tukangoja hadi jioni. Ninyi mngaliweza kutuambia tangu asubuhi, hatukuuliza.

Baada ya hapo ikaja habari ya fedha. Tulikuwa tumepokea nusu ya malipo kabla ya kazi, na nusu hiyo ilikwisha kwa taa, magari na hoteli ya Kisumu. Tukawaambia wenye mashua wangoje. Wakala akatuambia tungoje. Mwenye bidhaa akamwambia wakala angoje. Siku 60 zikapita, kisha 90. Mzee mmoja akatupigia simu, akasema kwa upole, “Mwanangu, omena mliowapiga picha walikwisha liwa zamani, na sisi bado.” Alilipwa mwezi wa nne. Wakati huo kijana mmoja wa mashua yake alikuwa ameuza taa na betri yake ili alipe karo ya mdogo wake, na mvuvi wa omena bila taa ni abiria tu.

Ndugu, fedha ya hoteli ilipatikana, ya makasia ikakosekana. Hilo halikufanywa na wakala. Lilifanywa na kalamu yetu.

Sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, yasema kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Haisemi mwisho wa siku ambayo wakala atakuwa amelipwa. Mwenye kukodisha mashua ana mapatano yake ya kukodi, na hayo ni habari nyingine. Lakini kijana tuliyemwita kwa siku moja apige makasia mbele ya kamera ni kibarua, na jioni ni jioni. Zamani tungalisema benki iko mbali. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, neno hilo halisemeki. Na tukiwa hapo, sheria hiyo hiyo, kifungu cha 56, yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wale watoto tunaowaomba wakimbie ufukoni kisha tunawapa soda, jambo hilo nalo litazamwe.

Wazee wanakumbuka magari ya sinema yaliyozunguka vijijini, yakionyesha filamu bure juu ya kitambaa cheupe na kuuza sabuni katikati. Siku hizo mlikuwa watazamaji. Leo uso wenu, mashua zenu na maji haya ndiyo yanayouza sabuni.

Sasa mtu atauliza: kwa nini mtayarishaji mmoja mwema asilipe tu? Kwa sababu akiongeza fedha hiyo katika bei yake, kazi itachukuliwa na jirani yake asiyeongeza. Tumeona hivyo. Marekani wenzetu wa idara hii, kuanzia wakimbiaji hadi watayarishaji, walikaa miaka mingi nje ya chama huku wenye kamera na taa wakiwa ndani. Mwaka 2022 walianza kuungana chini ya chama cha IATSE, na baadaye wakapata tawi lao. Hawakupata kwa wema wa mmoja mmoja.

Tunaloleta mbele yenu ni hili. Fedha ya ufukoni iandikwe peke yake juu ya hesabu, wala isiguswe kwa hoteli. Ipokewe yote kabla gari halijatoka Nairobi. Mafungu ya vijana yaandikwe mbali na bei ya chombo, na usiku wa giza uwe na bei yake, iliyokubaliwa na kamati ya ufuko. Mtayarishaji mwanachama asitie sahihi hesabu isiyo na mstari huo. Watayarishaji kumi na mmoja wamekwisha weka majina yao. Wanne wamekataa, na twaendelea kusema nao.

Karatasi iko kwa Katibu. Akina mama wameomba fungu lao nalo liandikwe, na sisi hatujajua lihesabiwe vipi. Twaomba watufundishe leo, kabla hatujaondoka.