Familia Changa Zinazotoka Nairobi Kuja Kukaa Kiamunyi
(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona kwa macho yake: lori lililopakiwa vitanda, meza, mtungi wa gesi na baiskeli ya mtoto, likiacha barabara ya Kabarak na kuingia katika vijia vyetu vya Kiamunyi. Wenye mali hiyo ni mume na mke vijana, wenye watoto wawili au watatu, nao wametoka Nairobi. Hawakuja kutembea, wamekuja kukaa. Sikusimama hapa kuwasifu wala kuwalaumu kwa kuuacha mji mkuu, maana kodi ya nyumba na karo za huko twazijua sote. Nataka kusema juu ya namna wanavyohama, kwa kuwa naona wengi wao wanahama nusu, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, jinsi mambo yalivyokuwa wakati wa ukoloni. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja asiye na mke. Bibi na watoto walibaki shambani, na bwana akalala chumba kimoja na wenzake wanne. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilieleza wazi ya kuwa mshahara wa namna hiyo haufai, na kwamba mfanyakazi apate kiasi cha kumwezesha kukaa na jamaa yake. Katika mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, askari waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil; maelfu na maelfu ya watu wakatiwa vizuizini, na wake na watoto wengi wakarudishwa makwao kwa nguvu. Kutengana kwa mume na mke lilikuwa jambo tulilotendewa na wengine. Yashangaza basi kuona ya kuwa leo vijana wetu wenye elimu wanajitendea jambo hilo hilo kwa hiari yao.

Maana hivi ndivyo inavyokuwa. Bibi na watoto wanaletwa Kiamunyi, bwana anabaki Nairobi katika chumba cha kupanga, kwa sababu kazi yake iko huko. Wanaambiana ya kuwa Nairobi si mbali, na kweli ni kama kilomita 160 tu. Lakini mtu anayesafiri Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni, pamoja na wasafiri wote wa bonde hili, atakwambia kilomita hizo zina urefu gani. Hesabu nayo haidanganyi: kodi mbili, majiko mawili, nauli nne au tano kwa mwezi. Walihama ili wapunguze gharama, na gharama zimezaa pacha. Tena mtoto mdogo anamzoea baba kama mgeni wa Jumamosi, mwenye mkate mkononi, naye hana sauti katika malezi.

Aliye na mzigo mkubwa kuliko wote ni mama. Nairobi alikuwa na kazi, au biashara ndogo, na shoga wa mlango wa pili. Hapa amewekwa katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, chenye ukuta na geti la chuma, naye hajui ni nani wa kumwamsha usiku mtoto akipatwa na homa. Mabibi waliomo humu wanaelewa nisemayo kuliko mabwana.

Kwa hiyo shauri langu kwa kijana yeyote anayemwuliza mzee ni hili: afadhali wakae Nairobi mwaka mmoja zaidi, mpaka wote wawili wawe na njia ya kupata riziki huku, kuliko kuigawa nyumba. Na njia hizo zipo. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, ofisi nyingi zilifunguliwa Nakuru. Tuna Chuo Kikuu cha Kabarak katika barabara yetu hii hii, na Egerton kule Njoro. Na wako vijana wanaofanya kazi za Nairobi kwa kompyuta, wakiwa wameketi sebuleni. (Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, hivyo aliyelikimbia jiji amelikuta limemtangulia.)

Sasa yafaa niseme juu ya maji, maana hili mgeni haambiwi na wakala wa viwanja. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya upande huu hupita kiasi hicho. Sisi tuliozaliwa huku tumezoea kuona meno ya rangi ya kahawia, hata tukadhani ni sura ya watu wa Nakuru. Lakini ubaya huo humpata mtoto wakati meno yake ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni mpaka kama miaka 8. Na huo ndio umri wa watoto wanaoshuka katika malori yale. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kuchemsha maji hakusaidii kitu. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki.

Dawa yake inajulikana. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi kwa miaka mingi ya kusafisha maji kwa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na iliyo rahisi zaidi ni mvua. Paa la mabati lenye mita 80 za mraba, mwezi ukileta milimita 100 za mvua, hutoa kiasi cha lita 8,000. Familia inayotumia debe moja la lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, basi maji ya mwezi huo mmoja, yakipata tangi la kutosha, yatawafaa zaidi ya mwaka. Mtu anunue tangi kabla ya kununua kochi.

Juu ya ardhi nitasema kwa ufupi. Mashamba haya yalikuwa katika Nyanda za Juu za Wazungu. Baada ya Uhuru mengi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, yakagawanywa, kisha yakagawanywa tena, na katika kugawanywa huko karatasi nyingi zilichanganyika. Kijana apange nyumba kwanza, aone masika moja ya Kiamunyi na udongo wake wa majivu, ambao katika sehemu nyingine za Nakuru hupasuka mvua ikizidi. Akiisha kuridhika, akatafute habari za hati katika ofisi ya ardhi yeye mwenyewe. Na ikiwa kiwanja kingali kimeandikwa shamba la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi ni lazima kiombwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali mapatano hayo ni bure, hata kama fedha zimelipwa mbele ya mashahidi kumi.

Bwana Mwenyekiti, nageukia chama chetu. Vyama vya ustawi vya zamani vilianzishwa mjini, ili kumpokea mtu wa shamba, kumtafutia mahali pa kulala, na kumsafirisha kwao akifa. Vingi vilifuata kabila, na vile vikubwa vya kikabila vilivunjwa mwaka 1980. Safari sasa imegeuka. Mgeni anatoka mjini, na jirani zake wa Kiamunyi ni wa makabila yote. Lakini daftari letu lingali linaandika jina la bwana peke yake, na bwana huyo mara nyingi yuko Nairobi. Msiba au ugonjwa ukitokea Jumanne, bibi yake anakuja mlangoni kwetu, na katibu anatafuta jina lake asilione.

Naomba mkutano huu ukubali ya kuwa kuanzia mwaka huu familia ngeni iandikwe kwa majina mawili, la mume na la mke, na kila mmoja awe na haki ya kusema na kupiga kura. Na kwamba katika juma la kwanza wanachama wawili wa ujirani huo, mwanamume na mwanamke, waende kuwasalimu, wawaonyeshe zahanati iliyo karibu, wawaeleze habari ya maji, na kuwaachia nambari za simu za nyumba tatu zinazoweza kuamshwa usiku. Mama mmoja wa upande wa juu ameniambia ya kuwa yuko tayari kuanza hata wiki ijayo, kwa kuwa lori lingine limekwisha kuonekana kwao.

Naliweka ombi hilo mbele yenu, na namwomba mjumbe mmoja aliunge mkono.